Ukibaki na Karata Moja

Mchezo wa lasti kadi una sheria nyingi, lakini una neno moja tu la lazima. Waweza kucheza tangu asubuhi hadi jua linazama umefunga mdomo kama bubu, na hakuna atakayekulaumu. Ila ukibaki na karata moja mkononi, sharti useme. Sisi kwetu Liparamba tunasema "kadi". Vijiwe vingine wanasema "lasti". Nairobi, nilikokaa mwaka mmoja, vijana wanasema "niko kadi". Neno lenyewe halimpi mtu habari yoyote mpya, kwani wote waliokaa pale wanakuona kwa macho yao kwamba umeshika karata moja. Hata hivyo usiposema, adhabu. Ukisema mapema mno, adhabu. Ukisema kwa kuchelewa kidogo, hapo ndipo watu wanaanza kukunja mikono ya shati.

Msomaji, nataka tuzungumze juu ya ubishi huo. Sisi tunaojifunza kuandika tunakesha na vina, mizani na tamathali za semi, halafu tunawaacha wacheza karata wahangaike peke yao na swali gumu kuliko yote hayo: neno linaanza kazi saa ngapi?

Kwa wasiokujua, Liparamba ni kata ya mpakani, kusini kabisa mwa Mkoa wa Ruvuma. Zamani tulikuwa Mbinga. Tangu mwaka 2012 tumo katika Wilaya ya Nyasa, yenye makao yake Mbamba Bay. Upande mmoja unateremkia ziwani. Upande mwingine kuna pori la akiba na mto Ruvuma, na ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Umeme ulichelewa, barabara wakati wa masika ni ya kubahatisha. Karata hazikuchelewa.

Karata zenyewe ni zile zile hamsini na mbili za dunia nzima, pamoja na jokari mbili. Kinachonifurahisha ni majina. Kopa, shupaza, uru, pao: yote manne ni Kireno. Kwao ni copas, espadas, ouros na paus, yaani vikombe, panga, dhahabu na marungu. Turufu nayo ni yao, na hata hili neno karata. Wareno walifika pwani yetu mwaka 1498, wakang'olewa Fort Jesus ya Mombasa mwaka 1698. Ngome ikawatoka, karata zikabaki mikononi mwa watu. Sasa itazame karata ya kopa: ina picha ya moyo, si kikombe. Pao ina picha ya jani, wala hakuna rungu. Majina hayo yalikuwa ya karata za kale zenye picha nyingine. Picha zikabadilika, majina yakagoma kuhama. Pale kijiweni kwetu wapo wanaoiita shupaza "jembe", maana kwa mkulima ndivyo inavyoonekana. Ng'ambo ya Ruvuma, ambako Mreno alitawala hadi mwaka 1975, wanayatamka majina yale yale bila kuyapondaponda kama sisi. Kwa hiyo mtu akivuka kuja gulioni mnaweza msielewane kwenye bei, lakini mkikaa kwenye karata mnaelewana.

Mnaelewana, yaani, mpaka mtu abaki na karata moja.

Maana karata ya kawaida haina maandishi. Ina namba, ina picha, basi. Haikuambii kwamba mbili humlisha jirani karata mbili, wala kwamba J humruka mtu. Hayo yote yanakaa midomoni. Kwetu, ukiwekewa mbili nawe unayo mbili, unaipachika juu; mzigo unakuwa nne na unasogea kwa wa tatu; huyo akikosa, anakula zote nne. Nimekuta kijiji cha pili tu wanakataa kabisa jambo hilo. Wanasema mbili imeshatua kwako, kula, usitusumbue. Hawa nao wana hoja: wanaamini adhabu hutua pale karata inapogusa mkeka. Sisi tunaamini adhabu inaning'inia hewani kidogo, ikingoja kama kuna mwenye jibu. Tofauti ya vijiji hivyo viwili ni pumzi moja tu, lakini hiyo pumzi ndiyo mchezo wenyewe.

Kijiwe chetu kiko chini ya mwembe, kando ya banda la fundi baiskeli. Fundi huyo ni mtu wa amani, na alipochoshwa na kelele aliamua kuandika sheria. Alichana boksi la sabuni, akaandika kwa makaa, akalitundika kwenye nguzo. Mstari wa nne ulisomeka hivi: MCHEZAJI AKIBAKI NA KARATA MOJA ASEME KADI. ASIPOSEMA ALE MBILI.

Kwa miezi mingi boksi lile lilitusaidia. Mtu akilalamika anaelekezwa kwenye nguzo, anasoma, anakaa kimya. Maandishi yana heshima yake, hata ya makaa.

Kasheshe ilikuja Agosti 2017, mahindi yakiwa yameshauzwa na mifuko ya watu ina joto. Walicheza wanne, kila mmoja kaweka 10,000, jumla 40,000 chini ya jiwe. Binamu yangu alikuwa na karata mbili. Akaweka saba ya kopa. Aliyefuata alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake, na huyo hakuwa na saba wala kopa, akanyoosha mkono kwenye lundo aokote. Vidole vimeshaigusa karata ya juu, havijaiinua. Ndipo binamu akasema, "Kadi."

"Umechelewa," shemeji akasema. "Kula mbili."

"Nimechelewa wapi? Hujaokota."

"Mkono ulishafika."

"Mkono haujaandikwa pale."

Watu wote wakageuka kuitazama nguzo. Na kweli, mkono haukuandikwa. Fundi akaitwa na spana yake mkononi, akaulizwa maana ya mstari wa nne. Akajibu kwa hasira kwamba ameandika Kiswahili, hakuandika Kichina. Basi macho yakanihamia mimi. "Wewe mtu wa vitabu, hebu tusomee."

Nikasoma. Na nilipokuwa nasoma nikaona kwamba boksi lile linasema mambo matatu kwa wakati mmoja, na yote matatu ni Kiswahili fasaha.

Kisa ni hiyo "-ki-" iliyo katika "akibaki". Mwalimu alitufundisha kwamba "-ki-" ni ya sharti: mvua ikinyesha tutapanda. Sharti halina saa. Mradi mvua imenyesha, iwe asubuhi au usiku, tutapanda. Ukisoma hivyo, binamu yuko salama. Mradi ana karata moja, anaweza kusema "kadi" wakati wowote hali hiyo inapodumu, na kuchelewa hakupo. Lakini "-ki-" hiyo hiyo hutumika pia kwa maana ya pindi: jua likizama njoo nyumbani. Hapa hakuna "kama", jua litazama tu, na ukija saa nne usiku utachapwa. Ukisoma hivyo, shemeji ana haki. Neno lilitakiwa litoke papo hapo karata ilipotua. Halafu ipo "-ki-" ya tatu, ya mambo mawili yanayokwenda sambamba: nilimwona akicheza. Kwa hiyo ya tatu, mchezaji alipaswa kusema akiwa anabaki, yaani karata bado inateremka kutoka mkononi kwenda mkekani. Hapo hata kusema mara baada ya kuiweka ni kuchelewa.

Niliyaeleza yote hayo. Sikupata makofi. Mzee mmoja alisema ndiyo maana vijana waliosoma hawaoi mapema.

Lakini sikumaliza, na hapa naomba univumilie kidogo, kwa sababu mimi naona kiini kilikuwa kwenye sentensi ya pili, ambayo hakuna aliyeijali. "Asiposema ale mbili." Kusema kuna wakati wake, unaweza kukionyesha kwa kidole: alisema sasa. Kutosema je? Binamu alipoweka ile saba, hakuwa amesema. Nusu nukta baadaye, hakuwa amesema. Sisi sote tuliokaa pale hatukuwa tumesema pia. Ukimya hauna saa mpaka uwekewe mpaka, na mpaka huo ndio uliokosekana kwenye boksi. Fundi angeandika "kabla anayefuata hajagusa lundo", au "kabla hajaokota", kusingekuwa na kesi. Maneno machache yangeokoa udugu. Maana 40,000 ziligawanywa, kila mtu akachukua yake, lakini shemeji hakukanyaga kwa binamu hadi Krismasi, na dada wa watu katikati akabaki anabeba salamu za pande mbili.

Wale wa Nairobi nadhani walishalitatua hili, kwa njia ya kijanja. Vijana niliocheza nao walikuwa wanatangaza "niko kadi" ndani ya zamu yao wenyewe, kabla zamu haijahama. Usipotangaza hawakulishi kitu. Ila zamu yako ikirudi huruhusiwi kumaliza, hata kama karata yako inafaa. Ona walivyoondoa ugomvi: hakuna mbio za mdomo na mkono, hakuna kumvizia mtu. Neno lina nyumba yake, ni zamu yako. Likitoka nje ya nyumba halina nguvu. Mchezo unapoteza uchangamfu kidogo, nakiri, kwa sababu kule kwetu nusu ya utamu ni kumkamata mtu amesahau.

Nilikuja kuyakumbuka yote haya Dar es Salaam, mwaka 2022, nikiwa nafundisha tuisheni ya Kiswahili kwa watoto wawili, kaka na dada, waliorudishwa kutoka London na wazazi wao. Kiswahili chao kilikuwa cha kuombea maji. Lakini walikuwa na sanduku la karata za Yu-Gi-Oh!, na hizo, ndugu zangu, ni karata za namna nyingine kabisa. Kila moja imeandikwa. Ina picha ya kiumbe fulani wa kutisha, na chini yake aya nzima ya maandishi madogo kama ya kwenye chupa ya dawa. Kile ambacho sisi tunakibeba mdomoni na kukitundika kwenye nguzo, wao wamekichapa kwenye karata yenyewe.

Asili yake ni hadithi ya picha ya Mjapani Kazuki Takahashi, iliyoanza mwaka 1996. Yeye alifariki mwaka 2022. Karata zenyewe zilitolewa na kampuni ya Konami nchini Japani mwaka 1999. Mchezo wa kwanza wa aina hiyo ulitangulia Marekani mwaka 1993, unaitwa Magic: The Gathering, na aliyeubuni ni Richard Garfield, mtu wa hisabati. Kanuni yake kuu inanipendeza: maandishi ya karata yakigongana na kitabu cha sheria, karata ndiyo inayoshinda. Hebu fikiria. Karata moja mkononi mwa mtoto inaweza kuipindua katiba ya mchezo, mradi imeandikwa hivyo.

Nilidhani kwamba, kila kitu kikiwa kimeandikwa, ubishi umekwisha. Thubutu! Siku ya kwanza tu watoto walikuwa wananyang'anyana karata moja ya mchekeshaji mweusi, anaitwa Peten the Dark Clown. Maandishi yake yanasema kwamba huyu Peten akipelekwa makaburini (ndivyo wanavyoliita lundo la karata zilizokufa), mwenye naye anaweza kumwondoa kabisa mchezoni na kumleta Peten mwingine kutoka mkononi au kwenye pakiti yake. Mvulana alimtoa Peten sadaka ili amwite kiumbe mkubwa zaidi. Peten akaenda makaburini. Mvulana akafurahi, akaanza kutafuta Peten wa pili. Dada yake akamzuia mkono: umekosa wakati.

Nikamwuliza binti, kakosaje wakati na mtu kafa sasa hivi? Akanieleza kwa utulivu, kama mtu aliyezoea kueleza wazee. Karata imeandikwa "when", pale ambapo, na ni ya hiari, imesema "unaweza". Jambo la namna hiyo linakubaliwa tu kama tukio lake ndilo la mwisho kutokea. Peten alikwenda makaburini kwanza, halafu yule mkubwa akaitwa. La mwisho kutokea ni kuitwa kwa mkubwa. Wakati wa Peten umeshapita, mlango umefungwa. Ingeandikwa "if", kama, angeruhusiwa. "Kama" inangoja hadi shughuli iishe, ndipo inadai haki yake. Na isingekuwa ya hiari, ingekuwa ya lazima, pia isingekosa wakati.

Jamani! Nilitamani fundi baiskeli awepo. Ule mkono wa shemeji uliogusa lundo, huko wameuandikia sheria, wameupa na jina. Na Kiingereza wanatenganisha kwa maneno mawili yale ambayo sisi tunayapakia kwenye silabi moja.

Tangu siku hiyo nikawa mwanafunzi wa wanafunzi wangu. Wakanionyesha kwamba kuanzia mwaka 2011 Konami walianza kuyapanga upya maandishi ya karata, hasa ili kupunguza ubishi, na kazi kubwa wakaipa nini? Nukta. Kilicho kabla ya nukta mbili ni sharti: lini unaruhusiwa kuanza. Kilicho kati ya nukta mbili na nukta mkato kinafanyika pale pale unapotangaza, kama kulipa gharama. Kilicho baada ya nukta mkato kinangoja hadi jambo litimie. Kwa hiyo mwenzako akikuzuia njiani, gharama umeshalipa na matunda hukuyaona, na hakuna pa kulalamika. Nukta mkato imesema. Mimi niliyefundishwa kwamba nukta mkato ni pambo la watu wenye digrii, niliketi nikaitazama kwa heshima mpya.

Lipo na suala la mfuatano. Mtu akitangaza jambo, mpinzani anaweza kujibu, naye akajibiwa, kama mbili yetu juu ya mbili. Lakini wao hawajumlishi. Wanazifungua kuanzia ya mwisho kurudi ya kwanza, kama magunia kwenye lori: lililopanda mwisho ndilo linaloshuka kwanza. Wenzao wa Magic walihangaika miaka sita kabla ya kufika hapo. Mwanzoni walikuwa na karata za kujibu za kasi mbili tofauti, na kujua ipi inaiwahi ipi ilikuwa noma. Mwaka 1999, katika toleo la sita, wakaifuta ile kasi ya juu, wakaweka lundo moja la majibu linalofunguliwa kutoka juu. Watu wazima, kampuni yenye fedha, miaka sita. Nilimwonea huruma fundi wetu na boksi lake la sabuni.

Na kuna maneno madogo. "Halafu" kwao ina maana jambo la pili limetokea baada ya la kwanza, hivyo la kwanza si la mwisho tena, na mwenye "pale ambapo" yake amekosa wakati. Wakitaka mawili yatokee pamoja wana kifungu kingine. Nikawaambia watoto kwamba sisi tunayo "-ka-". Akaanguka, akalia: kwanza kuanguka, kisha kulia, huwezi kugeuza. Aliyeanguka na kulia, hapo sijui kipi kilitangulia. Binti akaandika kwenye daftari lake. Ilikuwa mara ya kwanza aandike kitu cha Kiswahili bila kuambiwa.

Juni 2023 nikaenda likizo nyumbani, nikakuta jambo ambalo halikuwa mchezo.

Mama mdogo alikuwa amekopa mbolea na fedha kidogo kwa mfanyabiashara mmoja. Jina lake halina kazi hapa. Makubaliano yaliandikwa kwenye karatasi ya daftari, dole gumba chini, na shahidi mmoja. Mwandishi alikuwa mfanyabiashara mwenyewe. Mstari wa maana ulikuwa huu: "Akivuna atanilipa magunia sita." Msimu ule nguruwe pori waliingia shambani usiku kwa usiku, na mama mdogo akaambulia gunia moja na nusu, mengine mabua matupu. Mfanyabiashara akaja na karatasi yake. Nikaisoma mara mbili nikaishiwa nguvu, maana nilimwona yule mdudu wa kwenye nguzo amekaa pale pale, silabi ile ile.

Kwa mfanyabiashara, "akivuna" ni saa. Msimu wa mavuno ukifika, lipa. Kwa mama mdogo ni sharti. Mungu akinijalia nikavuna, nitalipa, nisipovuna, tutazungumza. Na neno kuvuna nalo lina tumbo kubwa. Gunia moja na nusu ni kuvuna? Mfanyabiashara alisema hata debe moja ni mavuno. Mama mdogo alisema anayeokota masazo ya nguruwe havuni, anaokota. Mimi, kama ungeniuliza kwenye darasa la sarufi, ningesema wote wawili wamesoma sawasawa. Lakini darasani hakuna anayeondoka na magunia ya mtu.

Walikaa kwa mwenyekiti wa kitongoji, na mimi nikakaa pembeni ya mlango. Nilikuwa nimejiandaa kusema juu ya "-ki-" na "-po-", kwamba angetaka saa angeandika "atakapovuna", au "mwezi wa saba", au "avune asivune". Kwamba yeye aliyeshika kalamu ndiye aliyekuwa na nafasi ya kuliweka wazi. Nilisema hilo la mwisho tu. Mwenyekiti, mzee wa maneno machache, aliikunja karatasi akamwuliza mfanyabiashara swali moja: siku ile unaandika, ulifikiria nguruwe? Akajibu hapana. Akamgeukia mama mdogo: na wewe? Mama mdogo akasema, "Mimi mzee wangu nawafikiria kila siku."

Ikaamuliwa magunia matatu, katika misimu miwili. Mfanyabiashara alitoka amenuna. Mama mdogo hakushangilia, matatu ni mengi kwa mtu mwenye moja na nusu. Njiani aliniambia kwamba kalamu ingekuwa mkononi mwake angeandika "nikijaliwa kuvuna". Nikapima. Bado ni "-ki-". Ila ile "jaliwa" inalifunga neno upande wake, hakuna tena anayeweza kuligeuza kuwa kalenda. Mama mdogo aliishia darasa la nne.

Niliporudi Dar niliwapa watoto zoezi: tafsiri karata ya Peten kwa Kiswahili, kila mtu aandike yake, kisha tuchague moja. Nilitarajia dakika ishirini. Ilituchukua jioni mbili. Makaburini palikubalika bila shida. "Unaweza" ikabaki "unaweza". Nukta mbili na nukta mkato tulizihamisha kama zilivyo, kwa uangalifu, kama mtu anayehamisha mayai. Tatizo likawa neno la kwanza kabisa.

Binti aliandika "Mara tu karata hii inapopelekwa makaburini". Alikuwa ameipata: "mara tu" inafunga mlango nyuma yake, na ile "-po-" inakaa kwenye saa. Nilimpa alama zote. Nikamweleza kwamba ndiyo tafsiri sahihi, kwa maana Peten akitolewa sadaka, kwa Kiswahili hiki naye atakosa wakati vile vile kama kwa Kiingereza.

Mvulana aliandika "Karata hii ikipelekwa makaburini". Nikamwambia ni Kiswahili safi, lakini hapa panaacha mlango wazi. Mtu anaweza kubisha kwamba ni "kama". Akasema anajua. Nikamwuliza, sasa kwa nini usiandike kama dada yako?

"Niachie '-ki-' yangu, mwalimu," akasema. "Peten ni wangu mimi."